Kongoti wa Nusu kwa Nusu

Nilimchora nyuma ya risiti ya duka la dawa,
mwezi wa nne, mvua ikiyapiga mabati ya South B.
Asubuhi ile nilikuwa nimemwona yule halisi
juu ya mgunga, pale mzunguko wa Nyayo,
amesimama kama karani aliyekosa basi la mwisho.
Nikampa koti la mvua na faili kwapani,
na kipara chenye nywele tatu
nilizoziazima, Mungu anisamehe, kwa mjomba Kisilu.

Miguu ilinila siku kumi na moja.
Kongoti hatembei, huipima ardhi:
huinua lile goti linalokunjikia nyuma,
hufikiri,
ndipo hushusha.

Okatch alileta kompyuta tatu, moja ikizimika kila saa sita.
Mumbua alileta sauti, yake mwenyewe,
ya puani, ya mtu aliyeamshwa kabla ya chai.
Studio mbili, ndege mmoja.
Walitia saini kwenye meza ya kibanda cha chipsi
na mkataba ukanywa doa la mafuta
ambalo hadi leo limo katika kila nakala,
limegongewa mhuri, limethibitishwa.

*Watammiliki kwa pamoja, kwa sehemu zisizogawika.
Hatamtumia mmoja, hatamkodisha, hatamuuza,
pasipo idhini ya mwenzake kwa maandishi.*

Tulipiga makofi. Nani asingepiga?
Kilisikika kama kiapo cha arusi.

Misimu miwili.
Watoto wa Umoja wakienda shule kwa magoti ya juu,
daftari kwapani, wakizuiana njiani:
"Faili yako haijafika! Rudi Jumatatu!"

Kisha ikaja kampuni ya maziwa, ikitaka uso wake kwenye pakiti.
Mumbua akasema ndiyo.
Okatch akasema, ndege huyu hula mizoga, atauzaje maziwa?
Haikuwa sababu.
Sababu ilikuwa jenereta ya mwaka juzi,
na nani aliilipia, na nani alisema aliilipia.

Mumbua akahamia Kilimani na sauti yake.
Okatch akabaki na miguu.
Huku akatoka kongoti bubu, anaandika kwenye vibao;
kule kongoti wa redioni, asiye na mwili,
anakohoa tu na kufungua droo.
Kila mmoja akamshtaki mwenzake kwa nusu aliyoitumia.

Jana tuliitwa Upper Hill, ghorofa ya tisa.
Bi. Sarange, msuluhishi, akaniuliza kwa upole:
Ni wewe uliyemchora?
Ni mimi.
Na hudai chochote?
Nilikuwa kwa mshahara, nikasema.
Elfu kumi na nane, nikataka kuongeza, ukifika.
Akaandika neno moja. Nadhani lilikuwa *hapana*.

Wakarudi kwenye mgao. Koti kwa nani. Faili kwa nani.
Wakili mmoja kijana, tai imembana,
akapendekeza nywele zigawanywe sawasawa:
moja na nusu kila upande.

Mumbua akacheka.
Kwa pua. Kwa sauti *ile*.
Okatch akainua kichwa haraka,
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni,
na kwa nukta moja, si zaidi,
Kongoti alikuwamo chumbani, mzima,
akitutazama sote kama foleni.

Kisha Bi. Sarange akafunga kabrasha.
Nyaraka hazijakamilika, akasema. Tukutane Jumatatu.
Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Lifti ilikuwa mbovu.
Nikashuka kwa ngazi, na kufikia ghorofa ya sita
nikajikuta nainua goti,
nafikiri,
nashusha.
Mlinzi alinitazama. Sikuacha.

Usiku mjomba Kisilu akapiga simu kutoka Wote.
Kesi imefika wapi?
Nikamweleza yote, hadi lile la moja na nusu.
Akanyamaza kidogo, nikasikia anakikuna kipara.
Basi waambie, akasema,
hapa imebaki moja.